Kuchokonoa kufuli Garissa: Uraibu halali sebuleni, mashaka barabarani

Vumbi la Garissa halibishi hodi. Linaingia puani, linaingia kwenye gunia la sukari, linaingia kwenye tundu la kufuli. Humo ndani likikutana na mafuta ya cherehani ambayo mwenye duka aliyatia kwa nia njema, hugandamana hadi pini hazipandi wala hazishuki.

Siku mbaya ya kufuli kukwama ni siku ya soko la mifugo. Malori yamefika alfajiri, wanunuzi wa kutoka Nairobi wana pesa mkononi, na pale Soko Mugdi mwenye duka la jumla anasokota ufunguo usiozunguka. Akiuzidishia nguvu, unakatika. Nusu inabaki kiganjani, nusu imo ndani ya kufuli.

Hapo huitwa fundi, na mafundi wako wa aina mbili. Wa kwanza huja na msumeno. Baada ya kelele za dakika chache kufuli limekufa, tumbuu imekwaruzwa, na mwenye duka anatuma kijana akanunue jingine. Wa pili huja na vipande viwili vya waya bapa vilivyopindwa ncha. Huchutama, huinamisha kichwa, hukaa kimya, na kufuli huachia likiwa zima.

Huyu wa pili hulipwa, lakini huondoka akisindikizwa na macho. Waliokuwa wakimsifu sasa wanaulizana chinichini: anayefungua hivi mchana, usiku hufanya nini?

Swali hilo ndilo nililotumwa kulifuatilia, ila kwa upande wake mgumu zaidi. Fundi ana udhuru, maana anakula kwa waya wake. Je, mtu asiye fundi wala mwizi? Karani, mwalimu, mwanafunzi wa chuo anayetaka kujifunza kuchokonoa makufuli kwa sababu tu anapenda, kama mwingine apendavyo bao au drafti? Ng'ambo watu hawa wana vyama na mashindano. Hapa Kaskazini Mashariki, ambako mkoba hupekuliwa kabla ya kuvuka daraja la Tana, wana nafasi?

Ndani ya silinda

Kwanza tujue kinachochokonolewa. Kufuli la kawaida la dukani, na vitasa vingi vya milango, vina silinda inayozunguka ndani ya mwili usiozunguka. Kutoka juu hushuka pini zinazosukumwa na springi ndogo. Kila pini imekatwa vipande viwili. Ufunguo usipokuwemo, pini hukaa nusu ndani ya silinda na nusu nje, na silinda haiendi popote.

Meno ya ufunguo sahihi huinua kila pini hadi mkato wake ulingane na ukingo wa silinda. Zote zikilingana, silinda iko huru. Wazo hili ni la kale: Wamisri walikuwa na makomeo ya mti yaliyofungwa kwa pini zinazodondoka. Mmarekani Linus Yale Mdogo ndiye aliyelipa umbo la chuma tunalolijua, kwa hataza zake za 1861 na 1865.

Udhaifu wake unatokana na kiwanda. Hakuna mashine inayotoboa matundu matano yakawa kwenye mstari mmoja bila hitilafu hata ya unywele. Ukiikaza silinda kidogo kwa kipande cha kwanza cha waya, pini moja hubanwa kabla ya nyingine. Kipande cha pili huitafuta hiyo iliyobanwa na kuisukuma juu taratibu hadi ikae mahali pake. Silinda huzunguka kiasi kidogo mno, kisha pini nyingine hubanwa. Mchezo wote ndio huo.

Anayeanza hukosea jambo lilelile: hukaza mno. Kidole kizito hubana pini zote pamoja na hakuna inayosema kitu. Wazoefu hushauri kukaza kama mtu anayebonyeza kitufe cha simu, na hapo ndipo uraibu unapoanza, kwa kuwa macho hayasaidii. Vidole ndivyo vinavyofundishwa.

> Macho hayasaidii. Vidole ndivyo vinavyofundishwa.

Bweni, shule ya mwanzo

Yeyote aliyesoma shule ya bweni Kenya anajua kwamba nchi hii huwafundisha watoto kufungua makufuli bila mtaala. Mwanafunzi mgeni huja na sanduku la bati lenye sabuni, blu bendi, kashata na kufuli dogo la bei ya chini. Muhula haumaliziki kabla bweni zima halijajua ni ufunguo wa nani unaofungua sanduku la nani.

Hilo halihitaji uchawi. Ni hesabu. Tuseme kufuli lina pini 3 tu, na kila pini inaweza kukatwa kwa vimo 4. Tofauti zote zinazowezekana ni 64. Bweni likiwa na wanafunzi 100 walionunua kufuli la aina hiyo hiyo, ni lazima baadhi yao wawe na ufunguo mmoja bila kujua. Kitasa cha pini 5 zenye vimo 6 kina tofauti 7,776. Tofauti kati ya kufuli hili na kile kitasa ndiyo inayolipiwa, ingawa kwenye rafu vyote viwili vinang'aa.

Mwalimu wa zamu huliona jambo hili kama utovu wa nidhamu, na mara nyingi yuko sahihi, maana kashata ya mtu imeliwa. Lakini katika bweni hilo hilo yumo mtoto mmoja ambaye hakuila kashata. Alichotaka ni kujua kwa nini ufunguo wake umeingia. Huyo hatujawahi kuwa na mahali pa kumpeleka.

Nyika isiyo na mlango

Ajabu ya kuzungumzia makufuli Garissa ni kwamba eneo hili liliishi bila kufuli kwa muda mrefu kuliko lilivyoishi nalo. Nyumba ya mfugaji Msomali, aqal, ni miti iliyopindwa na mikeka. Hukunjwa na kupakiwa juu ya ngamia. Huwezi kuipigia komeo. Mali yenyewe ina miguu, na ulinzi wake ni alama ya ukoo iliyochomwa kwenye ngozi pamoja na watu wengi wanaoijua alama hiyo.

Pwani ya jirani mambo yalikuwa mengine. Lamu na Unguja mlango wa mti ulionakshiwa ulikuwa na mnyororo mzito na kufuli lake, na ulimwambia mpita njia kuwa ndani mna bidhaa. Kufuli ni jamaa wa ghala. Lilifika Garissa pamoja na duka, ofisi ya serikali na nyumba ya kupanga.

Halafu likafika kwa wasio na ghala. Dadaab, kama kilomita 100 kutoka mjini, kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa 1991 na 1992 kwa wakimbizi wa vita vya Somalia. Huko mafundi walitandaza makopo ya mafuta ya msaada, wakayapigilia misumari kwenye fremu za mti, yakawa milango. Juu ya mlango wa kopo hutundikwa kufuli. Sijui kama kuna kufuli lililowahi kupewa kazi ngumu zaidi, maana bati lenyewe hukatika kwa kisu.

Hiyo nayo ni sehemu ya somo ambalo mwanafunzi wa makufuli hulipata mapema: kufuli halina nguvu kuliko bawaba, tumbuu au ukuta lilipopachikwa. Mwizi wa duka hana haja na ustadi wa vidole. Ana mtaimbo, ana msumeno, na ana haraka.

Saa 51 za Hobbs

Ubishi kuhusu kama siri za kufuli zifundishwe si wetu peke yetu. Uliwahi kuchemka London zaidi ya miaka 170 iliyopita.

Mhandisi Joseph Bramah alikuwa ameweka kufuli lake kwenye dirisha la duka lake mtaani Piccadilly na kuahidi gini 200 kwa atakayelifungua bila ufunguo. Miaka ikapita, Bramah akafa, kufuli likabaki dirishani. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu, akatokea Mmarekani fundi wa makufuli, Alfred Charles Hobbs. Alianza na kufuli la Chubb, lililosifiwa kuwa hufichua jaribio la kulichokonoa. Alilifungua kwa takriban dakika 25. Kisha akalikabili la Bramah. Lilimchukua saa 51, zilizotawanyika katika siku 16. Akalipwa gini zake.

Uingereza ilishtuka. Walikuwapo waliolalamika kwamba mgeni amewafundisha wezi kazi. Hoja ya Hobbs, ambayo wapenda makufuli wanaitegemea hadi leo, ilikuwa kwamba wezi hawakuhitaji kufundishwa. Wasiojua walikuwa wanunuzi. Baada ya aibu ile watengenezaji walilazimika kuunda makufuli bora.

Mwenye hoja ya pili ni mwanafizikia Richard Feynman. Alipokuwa Los Alamos, katika mradi wa bomu la atomiki, alijifunza kufungua makabati ya siri ya wenzake, yaliyofungwa kwa namba, jambo alilolisimulia mwenyewe kwa furaha isiyofichika. Aligundua kwamba mtu akiacha droo wazi, namba mbili za mwisho zinaweza kusomwa. Akamwonya kanali mmoja huko Oak Ridge, kituo kingine cha mradi huo. Kanali akatoa waraka: kila ambaye Feynman amepita ofisini mwake abadilishe namba zake. Droo ziliendelea kuachwa wazi.

Nimekutana na waraka wa kanali huyo katika sura nyingi hapa Kenya. Anayesema mlango ni mbovu hushukiwa kabla mlango haujatazamwa.

Uraibu wenyewe ulijipangia taratibu. Mwaka 1997 wapenzi wa makufuli Ujerumani waliunda chama mjini Hamburg. Uholanzi ikafuata, na Marekani baadaye. Wanakutana mezani, wanabadilishana makufuli, wanashindana kwa saa. Na wana sheria mbili ambazo mgeni huambiwa kabla hajashika waya: usichokonoe kufuli lisilo lako bila ruhusa ya mwenyewe, na usichokonoe kufuli linalotegemewa, hata kama ni lako.

Kwa msomaji wa Garissa sheria ya kwanza si ngeni. Aya ya 27 ya Sura An-Nur inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao kabla ya kuomba idhini na kuwasalimu wenyewe. Wajerumani hawakuitoa huko, lakini ni vigumu kumwambia shehe kuwa wamekosea.

> Wezi hawakuhitaji kufundishwa. Wasiojua walikuwa wanunuzi.

Kifungu cha 308

Sasa tufike barabarani, ambako ndiko penye mashaka.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, haisemi popote kwamba kujua kufungua kufuli ni kosa. Kifungu cha 304 kinaadhibu kuvunja na kuingia: hadi miaka 7 mchana, hadi miaka 10 usiku. Kifungu cha 308 ndicho kinachomgusa mwenye waya. Kinasema kwamba anayekutwa nje ya makazi yake akiwa na kifaa cha kutumia katika uvunjaji, wizi au udanganyifu ana hatia ya kosa kubwa la jinai. Kisha kinaongeza kwamba kifaa kikiwa kimetengenezwa au kugeuzwa kwa kazi hiyo, kule kuwa nacho tu ni ushahidi kuwa alikibeba kwa kazi hiyo.

Maneno hayo yanafanana mno na ya sheria ya wizi ya Uingereza ya 1968. Jambo la kuzingatia ni "nje ya makazi yake". Sebuleni kwako, ukiwa na kufuli lako ulilolinunua, unachezea mali yako. Ukizitia waya zile mfukoni na kuelekea kwa rafiki, umeingia katika eneo ambalo lazima ueleze.

Na kueleza hapa si kama kueleza Hamburg. Hebu fikiria kizuizi cha barabarani upande wa Madogo, ng'ambo ya daraja la Tana, jua la saa nane.

"Hizi waya ni za nini, kijana?"

"Za kufungulia kufuli, afande."

"Kufuli ya nani?"

Jibu la kweli, kwamba ni la kwake na analifungua kwa kujifurahisha, ndilo litakaloaminika kwa shida kuliko yote.

Askari naye ana sababu zake. Sheria za hali ya hatari zilidumu katika eneo hili kwa takriban miongo mitatu, hadi 1991. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Mtu aliyekulia hapa anajua tangu utotoni kwamba kila kilicho mkobani kitaulizwa. Kijana wa Nairobi anaweza kuona uraibu huu ni mchezo. Kijana wa mtaa wa Bulla Iftin hapa Garissa anajua kwamba jina lake na sura yake vitahojiwa kabla ya waya.

Kwa hiyo nashauri bila kuuma maneno: anayeanza Garissa ajifunzie nyumbani, aweke risiti ya makufuli yake, na asisafiri na waya zake kwa sababu ya kujionyesha. Hilo si haki kamili, lakini ndivyo kifungu kilivyo.

Fundi naye ana lake

Upinzani mkali zaidi hautoki kituo cha polisi. Unatoka chini ya mwavuli wa mchonga funguo, mwenye ubao uliochorwa ufunguo na mashine yake ya kusaga inayolia kutwa.

Ujuzi wake ameupata kwa kukaa kando ya fundi mwingine miaka, akimshikia tupa na kuagizwa chai. Hauna kitabu. Kuutoa bure kwa mtu anayetaka kujifurahisha ni kama kumkaribisha ale kutoka sahani yake. Hofu yake ya pili ni nzito zaidi: duka likiibiwa bila kufuli kuvunjwa, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Wakiwa wengi wanaojua, atajibia makosa ya wengi.

Hofu ya kwanza naiona imekuzwa. Mtu huita fundi kwa kuwa ana haraka, na kwa kuwa baada ya kufunguliwa anataka ufunguo mpya. Mpenda makufuli hana mashine wala funguo tupu za kuchonga. Ya pili ni ya kweli, na dawa yake ni utaratibu ambao haupo.

Afrika Kusini, kwa sheria yake ya 2001 ya sekta ya ulinzi binafsi, inamhesabu fundi wa makufuli miongoni mwa watoa huduma za ulinzi, hivyo anasajiliwa. Kwetu fundi wa jua kali anaweza kupimwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, katika madaraja matatu kwa ufundi kama uchomeleaji na useremala. North Eastern National Polytechnic iko hapa hapa Garissa. Karakana yenye vitasa vilivyokatwa ubavu ili wanafunzi waone pini zikicheza haihitaji bajeti ya kaunti nzima. Ingemfaa fundi, ingemfaa askari anayechunguza wizi, na mwanafunzi wa bweni tuliyemwacha na swali lake angepata pa kuuliza.

Hadi hapo itakapokuwepo, mafundi waangalifu wana njia ya zamani isiyo na karatasi: hawagusi mlango wa nyumba bila jirani au mzee wa Nyumba Kumi kusimama hapo na kusema, ndiyo, huyu ndiye mwenyewe.

> Fundi mwangalifu hagusi mlango bila jirani kusimama na kusema, huyu ndiye mwenyewe.

Kwa anayetaka kuanza

Nunua makufuli mawili: moja la bei ya chini kabisa, jingine la pini tano. Usitumie la mlangoni. Kuchokonoa hukwaruza pini, na kufuli lililofanyiwa mazoezi linaweza kukufungia nje usiku wa manane, wakati hakuna fundi wala mzee wa Nyumba Kumi. Kama unaweza kupata kufuli la plastiki angavu, la kuonyesha ndani, litakusaidia kuelewa wiki ya kwanza. Baada ya hapo liweke kando, maana linakuzoesha kutegemea macho.

Usafi ni nusu ya kazi kwa hali ya hewa yetu. Acha mafuta. Unga mkavu wa risasi ya penseli, ambao ni grafiti, hulainisha bila kushika vumbi. Hata kuusugua ufunguo kwa penseli laini kisha kuuingiza mara kadhaa hutosha. Wenye maduka wasio na hamu yoyote ya uraibu huu wachukue angalau hilo, na siku ya soko wataokoa asubuhi yao.

Kaa kivulini pia. Kufuli lililoachwa juani Garissa huunguza vidole, na vidole vilivyoungua havisikii pini.

Likifunguka mara ya kwanza, lifunge na uanze upya. Mara ya kwanza huwa bahati. Utakapoweza kumwambia mwenzako ni pini ipi iliyobanwa kwanza na ipi ya mwisho, na ukalifungua tena kwa mpangilio huo huo, basi umejifunza kufuli moja. La pili lina mpangilio wake.